Kuiazima sayansi kompyuta yako: mwongozo kamili wa BOINC, timu na hesabu ya alama

Ukiwa unaandika barua au unatazama mpira kwenye kompyuta, prosesa inatumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Zilizobaki zimekaa zinangoja. Tarehe 17 Mei 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walizindua SETI@home, mradi wa kutafuta dalili za viumbe wa sayari nyingine, uliokata kumbukumbu za darubini ya redio ya Arecibo, kule Puerto Rico, kuwa vipande vidogovidogo na kuvigawa kwa kompyuta za watu wa kawaida. Zaidi ya watu milioni 5 walijiunga katika miaka yake yote. Viumbe wa sayari nyingine hawakupatikana, na tarehe 31 Machi 2020 mradi ukaacha kugawa kazi. Ila ulikuwa umeshazaa mambo mawili yanayoishi mpaka leo: BOINC, programu huria inayoendesha miradi mingi ya aina hiyo, na tabia ya wajitoleaji kujipanga kwa timu na kufukuzana kwa alama.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuingia, kuunda timu, na kusoma takwimu zake bila kudanganyika. Miongozo mingi huandikwa kana kwamba umeme haukatiki na intaneti haina mwisho. Huu nimeuandika nikimfikiria mwenye kompyuta moja, mita ya LUKU ukutani na bando la kupimwa.

Kwanza umeme, programu baadaye

Kompyuta inayofanya kazi kwa bidii inakula umeme zaidi kuliko inayongoja. Ongezeko hilo ndilo mchango wako halisi wa fedha, kwa hiyo lijue kabla hujapakua chochote. Hesabu ni rahisi: wati zilizoongezeka, mara saa, gawanya kwa 1,000, unapata uniti.

Chukua mfano wa kompyuta ya mezani ambayo prosesa yake ikipewa kazi huongeza wati 60. Ikifanya kazi usiku na mchana itakula uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43 na ushee kwa mwezi. Ikifanya kazi saa 8 tu kwa siku, ni uniti 14 na kidogo. Kadi ya michoro yenye kuvuta wati 150 mfululizo inafika uniti 108 kwa mwezi. Kwa Mtanzania aliye kwenye ile bei nafuu ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hapo ndipo penye mtego. Uniti 43 za sayansi juu ya friji, taa na pasi zinaweza kukutoa kwenye kundi hilo, na ukitoka, bei mpya inagusa umeme wako wote, pamoja na ule usiohusiana na sayansi. Kenya nako bei hupanda kwa ngazi kadiri matumizi ya nyumba yanavyokua. Mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi itakupa jibu la uhakika. Ukiikosa, soma uniti zilizobaki kwenye LUKU kabla na baada ya usiku mmoja wa kazi, kisha usiku mwingine bila kazi, vitu vingine vyote vya nyumbani vikiwa vile vile.

Ukiona gharama haibebeki, usijilazimishe. Saa tatu kila jioni, kompyuta ikiwa imewashwa kwa shughuli zako nyingine, ni mchango halali kabisa.

Na kompyuta iwe yako, au mwenye nayo awe amekupa ruhusa kwa maandishi. Jambo hili si la mzaha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtumishi wa chuo kimoja cha ufundi katika jimbo la Georgia, Marekani, alishtakiwa kwa sababu ya kuweka programu ya distributed.net, mradi mwingine wa kukokotoa kwa kompyuta za wajitoleaji, kwenye kompyuta za mwajiri wake. Kesi iliisha mwaka 2002 kwa makubaliano: fidia, kazi za kijamii na uangalizi wa mwaka mmoja. Hakuiba faili wala nywila. Alitumia tu kompyuta na intaneti ya ofisi. Maabara ya chuo chako inaweza kuonekana imelala usiku kucha, lakini anayelipa bili ya umeme yupo.

Kuchagua mradi

Wengi huanza na timu, kisha hufuata mradi ambao timu inaupenda. Mimi nasema anza na mradi, kwa sababu timu hubadilishwa kwa kubonyeza mara mbili, lakini mtu asiyejali kinachokokotolewa hachukui muda kuizima programu.

Einstein@Home ndio ninaompendekezea mtu mpya. Ulianza 2005, unachambua data za vigunduzi vya mawimbi ya mvutano vya LIGO, za darubini za redio, na za setilaiti ya Fermi. Mwaka 2010 ulitangaza pulsa (nyota iliyosongamana inayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio) iitwayo PSR J2007+2722, iliyoibuka kutoka kwenye data za Arecibo kupitia kompyuta za wajitoleaji wa Iowa, Marekani, na Mainz, Ujerumani. Watu wa kawaida kabisa.

World Community Grid ulianzishwa na IBM mwaka 2004, na sasa uko chini ya taasisi ya Krembil, Toronto. Wenyewe umejikita kwenye afya na mazingira, na ndani yake umewahi kuwamo mradi wa kukokotoa mvua za Afrika kusini mwa Sahara kwa undani wa kilomita moja, ukiongozwa na Chuo Kikuu cha Delft, Uholanzi. Rosetta@home wa Chuo Kikuu cha Washington unahusu maumbo ya protini. Ulitoka kwenye maabara ya David Baker, mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2024. Mpenzi wa hesabu aende PrimeGrid akatafute namba tasa.

Climateprediction.net wa Oxford ni mzuri, lakini kazi zake ni ndefu na mafaili yake ya kurudisha ni mazito, kwa hiyo mwenye bando dogo aupishe. Kazi nyingi za LHC@home ya CERN nazo hutumia VirtualBox, programu inayoendesha kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta yako, zinataka RAM ya kutosha na upakuaji mkubwa.

Katika uwanja huu Afrika Mashariki ina historia yake. MalariaControl.net, mradi uliofungwa miaka kadhaa iliyopita, ulitumia kompyuta za wajitoleaji kuiga namna malaria inavyoenea na kipi kingetokea kama vyandarua, dawa au chanjo vingetumika hivi au vile. Uliendeshwa na taasisi ya Basel, Uswisi, ile ile iliyofungua maabara Ifakara miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Walioikopesha kompyuta zao walikuwa wengi wao Ulaya na Marekani, na ugonjwa uliokuwa ukikokotolewa ulikuwa wa Kilombero na kwingineko kama huko.

Kuweka BOINC

Pakua kutoka boinc.berkeley.edu, si kwingine. Kwenye Windows utaona vifurushi viwili, kimoja kikiwa na VirtualBox. Chukua kisicho nayo. Kwenye Ubuntu au Debian, andika:

sudo apt install boinc-client boinc-manager

Fungua BOINC Manager, nenda View, chagua Advanced View, kwa sababu mwonekano wa mwanzo unaficha karibu kila kitu cha maana. Kisha Tools, halafu Add project. Orodha ya miradi itatokea. Chagua mmoja, weka barua pepe na nywila.

Kuhusu hiyo barua pepe: ukija kujiunga na mradi wa pili na wa tatu, tumia anwani ile ile, herufi kwa herufi, hata kubwa na ndogo zisitofautiane. Takwimu za jumla zinakutambua kwa namba ndefu ya utambulisho iitwayo CPID, na namba hiyo hutokana na barua pepe. Ukibadilisha herufi moja unageuka watu wawili, kila mmoja na alama zake. Pia kompyuta moja angalau iwe imeungwa na miradi yako yote kwa wakati mmoja, maana kompyuta ndiyo inayobeba CPID kutoka mradi hadi mradi mpaka zilingane.

Mipangilio inayookoa kompyuta na bando

Hapa usiharakishe. Fungua Options, kisha Computing preferences. Kumbuka kwamba utakachobadilisha humu kinaifunga kompyuta hii peke yake, na kinashinda mipangilio uliyoweka kwenye tovuti ya mradi. Watu hupoteza jioni nzima wakibadilisha tovuti bila kuona tofauti yoyote kwa sababu hiyo.

Kuna asilimia mbili zinazochanganya. Ya kwanza ni ya idadi ya prosesa, ya pili ni ya muda wa prosesa. Ukitaka kupunguza joto, punguza ile ya kwanza: 50% kwenye kompyuta yenye koa 8 (core, yaani vitengo vya kukokotoa ndani ya prosesa) maana yake koa 4 zinafanya kazi na 4 zimepumzika. Ile ya muda iache 100%. Ukiipunguza, programu inafanya kazi sekunde chache na kusimama sekunde chache, feni inapanda na kushuka kutwa, na hakuna anayefurahi.

Dar es Salaam, Mombasa au Muscat mwezi wenye joto, kompyuta ya mpakato isiyosafishwa feni itachemka hata kwa koa mbili. Toa vumbi kwanza. Weka kompyuta juu ya meza ngumu, si kitandani. Sikiliza feni siku ya kwanza na ya pili, na kama ina programu ya kuonyesha joto, itazame. Ikishinda juu ya nyuzi 85, punguza koa. Hakikisha pia kuna alama ya tiki kwenye sehemu inayosimamisha kazi kompyuta ikiwa kwenye betri.

Kukatika kwa umeme hakuharibu kazi nyingi, kwa sababu programu za miradi huhifadhi hatua iliyofikiwa kila baada ya muda. Umeme ukirudi, kazi inaanza pale ilipohifadhi mara ya mwisho, si mwanzo. Kinachoumia ni diski, hasa ile ya zamani ya kuzunguka, inayokatiwa umeme katikati ya kuandika. Kama mtaa wenu umeme unacheza, UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) ni ya kompyuta kwanza, sayansi baadaye.

Kwenye sehemu ya mtandao, weka kikomo cha megabaiti kwa siku kadhaa. Kwenye Daily schedules unaweza kuruhusu mtandao usiku tu, kama bando lako la usiku ndilo la bei nafuu. Halafu angalia akiba ya kazi: siku ngapi za kazi zikae ndani ya kompyuta. Mwenye intaneti ya kudumu aweke nusu siku. Anayeunganisha mara moja kwa siku aweke siku moja na nyongeza ya nusu. Usijaze siku kumi, kwa sababu kila kazi ina muda wake wa mwisho, na iliyochelewa hupewa mtu mwingine. Alama inaweza kukosekana, na mtafiti amecheleweshwa.

Simu ya Android nayo inaweza kufanya kazi. Kwa kawaida BOINC ya simu husubiri iwe kwenye chaji, betri imejaa kiasi cha kutosha, na ipo kwenye Wi-Fi. Itumie simu ya zamani iliyolala kabatini, si hii unayotumia kutuma M-Pesa.

Alama zinatoka wapi

Kipimo cha BOINC kinaitwa cobblestone, kwa heshima ya Jeff Cobb wa SETI@home. Kompyuta ya mfano yenye uwezo wa gigaflopi 1, yaani hesabu bilioni moja kwa sekunde, ikifanya kazi siku nzima inastahili alama 200. Kwa hiyo timu yenye kuzalisha alama 50,000 kwa siku, kwa karatasi, ni sawa na gigaflopi 250 zisizolala.

Kwa karatasi, nasema. Kila mradi hugawa alama kwa njia yake, na kazi za kadi ya michoro zimevuruga mizani kabisa. Mradi mmoja utakupa kwa saa moja alama ambazo mwingine unakupa kwa wiki. Anayejisifu kwa jumla ya alama bila kutaja mradi hajasema kitu.

World Community Grid wana mizani yao pia: alama 7 za kwao ni sawa na alama 1 ya BOINC. Ndiyo maana mtu huona jumla yake ni kubwa kwenye tovuti ya mradi na ndogo mara saba kwenye tovuti za takwimu, akadhani ameibiwa. Hakuibiwa. Kwa maoni yangu hawa ndio wenye takwimu zenye adabu kuliko wote, kwa sababu wanaonyesha vitu vitatu bega kwa bega: muda wa kukokotoa, alama, na idadi ya majibu yaliyorudishwa. Mwenye kompyuta kuukuu anaweza kuwa chini kwenye alama na juu kwenye muda, na vyote viwili ni kweli.

Sasa, umemaliza kazi na alama hazijaingia. Miradi mingi huwapa watu zaidi ya mmoja kazi ile ile, kisha hulinganisha majibu. Jibu lako likifika kabla ya la mwenzako, linakaa likisubiri. Mwenzako akichelewa, kazi hutumwa kwa mtu wa tatu. Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya mradi, angalia orodha ya kazi. "Pending" ni kusubiri tu, usiguse kitu. "Invalid" maana yake jibu lako halikulingana na ya wengine. Moja moja si neno, lakini zikifuatana shuku joto, RAM mbovu, au prosesa iliyoongezwa kasi kupita kiasi. "Error" ni kazi iliyokufa njiani.

Wastani wa karibuni, au RAC

Hii ndiyo namba inayonukuliwa kuliko zote na kueleweka kuliko zote vibaya. RAC ni wastani wa alama kwa siku, lakini si wastani wa kawaida: uzito wa alama za zamani hupungua kwa nusu kila wiki moja.

Tuseme kompyuta yako inazalisha alama 1,000 kwa siku bila kukosa, nawe umeanza leo. Baada ya wiki moja RAC itasoma karibu 500. Baada ya wiki mbili 750, tatu 875, nne kama 937. Inaikaribia 1,000 polepole. Kwa hiyo mtu anayebadilisha mipangilio Jumatatu na kuangalia RAC Jumatano hajapima chochote. Vivyo hivyo ukizima kompyuta: RAC itakuwa nusu baada ya wiki, robo baada ya wiki mbili, na kwa mwezi mzima utaonekana bado upo upo.

Kuna njia bora na ni ya kienyeji. Fungua jedwali kwenye Excel au Google Sheets, safu ya tarehe, safu ya jumla ya alama. Kila siku saa ile ile andika jumla. Toa ya jana kwenye ya leo, hiyo ndiyo kazi ya siku. Siku saba zikishatimia, tafuta wastani wake. Namba hiyo haina mkia wa wiki zilizopita. Ndani ya BOINC Manager penyewe kuna ukurasa wa Statistics unaochora grafu ya jumla na ya wastani, wako na wa kompyuta moja moja. Grafu ya jumla ikilala kama sakafu, kuna kitu kimesimama, hata kama RAC bado ina sura nzuri.

Kuingia kwenye timu, au kuunda yenu

Kujiunga hakubadilishi alama ulizonazo. Zile za zamani hazihamii kwenye timu. Ni zinazoingia baada ya kujiunga ndizo zinazohesabiwa kwa timu pia. Ukihama, ulizoichumia timu ya kwanza zinabaki kwao. Kuna jambo jingine ambalo miradi hulitaja kwa maandishi madogo: ukijiunga, mwanzilishi wa timu anaweza kuona barua pepe yako. Jiunge na watu unaowaamini, na wewe ukiwa mwanzilishi, anwani za watu si za kugawa kwenye makundi ya WhatsApp.

Kuunda timu ni kujaza fomu kwenye tovuti ya mradi: jina, nchi, maelezo mafupi. Jina ndilo zito, kwa sababu tovuti za takwimu zinaziunganisha timu za miradi tofauti kwa kulinganisha majina. "Timu Pwani" na "Timu  Pwani" yenye nafasi mbili katikati zinaweza kuhesabiwa kuwa timu mbili. Amueni tahajia siku ya kwanza, iandikeni mahali, na kila atakayefungua tawi kwenye mradi mpya ainakili, asiandike kwa kukumbuka. Au sajilini timu ya BOINC nzima kwenye boinc.berkeley.edu, ambayo hujiunda yenyewe kwenye miradi inayoshiriki utaratibu huo.

Kabla ya kuunda mpya, tafuta kama tayari kuna ya nchi yenu au chuo chenu. Zipo timu nyingi za nchi zilizoanzishwa kwa moyo mmoja na kuachwa na mtu mmoja ndani. Kuifufua moja kunalipa kuliko kuongeza nyingine, kwa sababu jumla yake inaendelea pale ilipoishia. Mwanzilishi akiwa kimya, mwanachama anaweza kuuomba mradi ahamishiwe uongozi. Mwanzilishi hupewa muda wa kujibu, na asipojibu, timu hupata mwenyewe mpya.

Kusoma takwimu za timu

Miradi hutoa mafaili ya takwimu kwa umma, kwa kawaida mara moja kwa siku. Tovuti za BOINCstats na Free-DC huyachukua, huyaunganisha na kuyapanga. Ndiyo maana alama za leo asubuhi hazionekani kule mpaka kesho, na mradi ukishindwa kutoa faili, timu nzima huonekana imelala siku moja halafu imefanya maajabu siku ya pili.

Mwanachama asipoonekana kabisa kwenye tovuti hizo, mara nyingi sababu ni moja. Tangu sheria ya Ulaya ya kulinda data ilipoanza kutumika mwaka 2018, miradi mingi inataka mtumiaji akubali mwenyewe takwimu zake zipelekwe nje. Aingie kwenye akaunti, mipangilio ya mradi, atafute swali la kuruhusu data kupelekwa kwenye tovuti za takwimu, aweke tiki. Halafu asubiri siku moja au mbili. Kila mwanachama mpya aambiwe hilo mapema.

Kosa jingine la kawaida ni kompyuta moja kuonekana mara mbili, hasa baada ya kuweka Windows upya. Kwenye orodha ya kompyuta zako kuna uwezekano wa kuziunganisha, mradi maelezo yake yafanane na muda wa kazi usipishane.

Mkishasafisha hayo, tazameni mambo kwa mpangilio huu. Kwanza wanachama hai, yaani walioingiza alama karibuni, si waliojiandikisha. Timu ya watu 200 yenye hai 6 ni timu ya watu 6. Pili, mgawanyo: je, mtu mmoja anabeba asilimia 90? Akipata mtoto au akihama nyumba, timu imekwisha, na ni vizuri kulijua mapema. Tatu, kasi ya wiki. Nafasi kwenye orodha iwe ya mwisho, ingawa ndiyo kila mtu huikimbilia.

Kuhusu kuipita timu nyingine, hesabu yake ni hii. Mfano wa kubuni: wao wana alama milioni 12 na wanazalisha 8,000 kwa siku. Ninyi mna milioni 11.4 na mnazalisha 14,000. Pengo ni 600,000, mnalipunguza kwa 6,000 kila siku, basi ni siku 100. Tumieni wastani wa siku saba kwa pande zote, si RAC. Kama wao wamenunua kadi mpya juzi, RAC yao bado haijasema, na mtajikuta mmepanga sherehe ya bure.

Mashindano

Yanayojulikana zaidi ni BOINC Pentathlon, ambayo timu ya SETI.Germany huandaa kila mwaka tangu 2010, mwezi Mei: michezo mitano, kila mmoja ukiwa mradi mmoja kwa siku kadhaa, mrefu kuliko yote ukiwa marathoni. Timu kubwa hutumia mbinu ya kuficha majibu: wanamaliza kazi, wanazuia mtandao, kisha wanapakia zote filimbi ikilia. Haikatazwi, na kuitazama grafu ikipanda kama ukuta siku ya kwanza kuna raha yake. Ila kwa timu ndogo yenye intaneti ya kusuasua ni hatari. Seva zinazidiwa saa hizo, na muda wa mwisho wa kazi hausubiri foleni. PrimeGrid nao huwa na mashindano yao, likiwemo la kila Februari la kutafuta namba tasa.

Mtakutana pia na Gridcoin, sarafu ya kidijitali inayowazawadia wanaokokotoa kwenye BOINC. Kabla ya kuvutiwa, rudieni ile hesabu ya LUKU. Na yeyote anayewaomba mlipe kiingilio ili "kompyuta ianze kuingiza hela" si wa mambo haya. Kujiunga na miradi ni bure.

Folding@home ni shamba jingine

Folding@home ulianza Oktoba 2000 Chuo Kikuu cha Stanford na una programu yake yenyewe, nje ya BOINC. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, watu walimiminika mpaka mwezi Machi ukavuka eksaflopi moja, yaani gigaflopi bilioni moja. Hapa timu hutambulika kwa namba, si jina. Usipoweka namba unahesabiwa timu 0.

Alama zake haziwezi kulinganishwa na za BOINC, msijaribu. Kuna alama za msingi, na nyongeza ya kurudisha mapema. Nyongeza inafuata kipeuo cha pili cha kasi ya kumaliza: ukimaliza kazi kwa robo ya muda, alama zinakuwa maradufu. Kuipata lazima uombe passkey, yaani msimbo wa siri wa kukutambulisha, kwa barua pepe, uiweke kwenye programu, umalize kazi 10 ukiwa nayo, na urudishe salama angalau 80% ya kazi unazopewa. Kwa hiyo anayezima kompyuta kila jioni katikati ya kazi ataona alama zake zimedumaa hata akiwa na kadi nzuri. Kama hali yako ni ya kuwasha na kuzima, BOINC itakutendea haki zaidi.

Ukitaka kupumzika au kuacha

Usifute programu na kazi zikiwa ndani. Kwenye ukurasa wa Projects, chagua mradi, bonyeza No new tasks, ziache zilizopo ziishe na zipakiwe, kisha bonyeza Update ili seva ipate taarifa. Baada ya hapo ndipo Remove. Akaunti na alama zako zinabaki kwenye mradi, hata ukirudi baada ya miaka miwili na kompyuta nyingine, utaingia kwa barua pepe ile ile.

Mwanzilishi anayeondoka ana kazi moja zaidi: kwenye ukurasa wa kuhariri timu, amkabidhi uongozi mwanachama aliye hai, kwenye kila mradi ambao timu ina tawi, kabla hajasahau nywila.